Sarafu chini ya godoro

Narendranath Datta alikuwa kijana wa chuo, mbishi, msomaji wa falsafa, alipoanza kumwendea Ramakrishna, mwalimu wa kiroho wa Kihindu, katika hekalu la Dakshineswar, karibu na Calcutta, India, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa amesikia kwamba mzee yule hastahimili kugusa fedha. Siku moja mzee alipotoka, kijana akaficha sarafu chini ya godoro lake. Wafuasi husimulia kwamba Ramakrishna aliporudi na kuketi, aliruka kama aliyeunguzwa na moto. Alipofahamu nani aliyemtega, hakukasirika hata chembe. Alimtaka aendelee kumpima, kama mbadilisha fedha apimavyo sarafu.

Kisa hiki hunijia kila ninaposikia ule ubishi wa zamani: mwanafunzi wa njia ya kiroho amkabidhi mwalimu moyo wake wote, au akae naye macho wazi?

Wanaotetea kujikabidhi wana hoja nzito. Nafsi ni janja. Mtu akijiwekea haki ya kukataa kila analoambiwa, atakataa hasa lile linalogusa ugonjwa wake. Ndiyo maana katika tarika za kisufi husemwa kwamba muridi mbele ya sheikh wake awe kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Watibeti nao wana kisa cha Milarepa wa karne ya 11, aliyeua watu kwa uchawi, kisha akaja kwa mwalimu aitwaye Marpa akitafuta njia ya kutoka. Marpa alimjengesha mnara, akamwambia aubomoe, akamwanzishia mwingine, mpaka mgongo wa kijana ukawa vidonda kwa kubeba mawe. Mafundisho hakupewa. Mke wa Marpa ndiye aliyekuwa akimtuliza. Mwishowe ikajulikana kwamba Marpa naye alikuwa akilia faraghani: ukali ule ndio uliokuwa dawa ya damu iliyomwagika.

Nakiamini kisa hicho, na ndicho kinachonitia hofu, kwa kuwa ni rahisi mno kuazimwa. Mkatili yeyote anaweza kusema, “Huku ndiko kukuhurumia kwangu.” Shoko Asahara, kiongozi wa dhehebu la Aum Shinrikyo huko Japani, aliwafundisha wafuasi wake kwamba kumwua mtu kunaweza kuwa kumwokoa. Machi 1995 wanafunzi wake, wakiwamo daktari na wasomi wa sayansi, walimwaga gesi ya sumu iitwayo sarini ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameacha kuuliza. Zaidi ya miaka 16 kabla yao, Novemba 1978, zaidi ya watu 900 waliomfuata Jim Jones, mhubiri wa Kimarekani, walikufa Guyana, Amerika Kusini, wengi wao kwa sumu, na karibu theluthi moja walikuwa watoto. Mtoto hajikabidhi kwa mtu, hukabidhiwa.

Wanaoazima ukali wa Marpa huacha mwisho wa kisa. Marpa alimpa Milarepa kila alichokuwa nacho, akamruhusu aende zake. Hakumgeuza mtumishi wa maisha.

Hata mfano wa maiti, watu huushika upande mmoja. Wanamkazia maiti atulie, mwoshaji wanamsahau. Mwoshaji humsitiri maiti, hupitisha mkono chini ya nguo, akiona aibu haitoi nje. Hana anachokitaka kwake. Na anajua zamu yake inakuja. Mwosha huoshwa, wasemavyo Waswahili. Sheikh anayedai muridi awe maiti, naye awe mwoshaji wa namna hiyo.

Katika maandiko ya nidhamu ya watawa wa Kibuddha kuna mtawa aliyeharisha mpaka akalala ndani ya uchafu wake, wenzake wamemwacha. Buddha, akiwa na Ananda, mwanafunzi wake wa karibu, alimkuta hapo. Buddha akamimina maji, Ananda akaosha. Kisha mwalimu akashika upande wa kichwa, mwanafunzi miguu, wakamlaza kitandani. Mwalimu huyohuyo, katika mafundisho mengine, anawaambia watawa wamchunguze yeye mwenyewe kwa macho na masikio, waone kama mwenendo wake una doa. Sioni ajabu kwamba mambo hayo mawili yametoka kwa mtu mmoja. Anayekuhurumia kweli hapotezi kitu ukimtazama vizuri.

Watakuja kusema kupima kunaua mapenzi. Kuna kweli ndani yake: anayempima mwalimu kila asubuhi ni kama mgonjwa anayehama tabibu kabla dawa haijafanya kazi. Kwa Watibeti kuna usemi kwamba mwalimu na mwanafunzi wachunguzane hata miaka 12 kabla ya kufungana. Lakini baada ya hapo, je, moyo uliowahi kushuku unaweza kupenda bila kubakiza?

Mwaka 1886 Ramakrishna alikuwa anakufa kwa saratani ya koo katika nyumba ya Cossipore. Hakuweza kumeza ila uji, na hata huo ulirudi na usaha. Vijana wake walimuuguza kwa zamu, mpaka baadhi wakaanza kuogopa kwamba ugonjwa utawaambukiza. Husimuliwa kwamba mmoja wao alichukua kikombe chenye mabaki ya uji ule, akaunywa mbele yao wote. Alikuwa Narendra, yule wa sarafu, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Vivekananda.