Tuonyesheni basi mlichokiona

Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, naliweka wazi mapema usije ukafika katikati ndo ukashtuka. Na kama Wananchi wengi tu, kidonda cha Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns kule Afrika Kusini, bado hakijafunga. Ijumaa ile ya tarehe 5 Aprili 2024, mfungo unaelekea ukingoni, kibanda umiza cha mtaani kwetu kimejaa mpaka watu wamekalia ndoo, muuza kahawa anapita kwa shida na kashata zake, Aziz Ki wetu anaachia shuti, mwamba, mpira unadunda chini, unatoka. Sisi tumeshanyanyuka zamani, mwenye kibanda anapiga kelele tusimwangushie tivii. Refa akasikiliza wa kwenye VAR, wale waamuzi wanaoangalia marudio ya video, wanasemaje, mechi ikaendelea. Hata kwenye skrini hakwenda!

Mechi ikaisha 0-0, Dar nako ilikuwa 0-0, tukaenda kwenye matuta ya penalti, Sundowns wakapita 3-2.

Sasa pale kibandani kulikuwa na mzee mmoja, shabiki wa Simba wa damu, watani wetu, na usiku huohuo Simba wake walitolewa na Al Ahly kule Cairo kwahiyo alikuwa na msiba wake mwenyewe. Akachukua kikombe cha kahawa akakiweka kwenye ukingo wa benchi. "Mwanangu, mpira wote uvuke mstari. Wote. Ukibaki hata unywele haijawa goli." Akakisogeza kidogo, akauliza hapo goli? Watu goli! Akainama akachungulia kwa juu, akasema bado. Na kweli ukikaa pembeni unaona kimevuka, ukisimama juu yake unaona bado kinagusa. Mshkaji wangu akatoa simu na picha aliyoigandisha, ukungu mtupu, kila mtu akaona alichotaka kuona. Mimi niliona goli. Na mpaka kesho nasema iliingia.

Ila kikombe kile kilinifundisha kitu, kwamba VAR siyo muujiza, ni marudio ya kamera zilizopo, kamera ikikaa upande picha inakaa upande. Ile teknolojia ya mstari wa goli, ambayo saa ya refa yenyewe inamwambia goli, ni kitu kingine kabisa na ina gharama zake, Kombe la Dunia wameanza kuitumia 2014 baada ya Lampard wa England kunyimwa goli la wazi dhidi ya Ujerumani 2010, naye alipiga mwamba ukadunda ndani. Sisi kule Pretoria tulikuwa na VAR tu.

Kwahiyo kosa la refa mimi naweza kulimeza. Kinachonikaba ni ukimya. Waingereza Septemba 2023 walimkatalia Luis Díaz wa Liverpool goli halali kule kwa Tottenham, aibu tupu, lakini siku chache tu wakatoa sauti za chumba cha VAR, dunia nzima ikasikia jamaa alivyodhani goli limekubaliwa uwanjani akasema sawa tuendelee. Ni uzembe, ndiyo, ila ukishausikia kwa masikio yako huwezi tena kusema kanunuliwa. Sauti ya Pretoria mimi sijaisikia mpaka leo.

Na huku kwetu ndo usiseme. Kamati ya Saa 72, ile ya ligi inayopitia matukio ya mechi, inakaa, karatasi inatoka, mwamuzi fulani kafungiwa mizunguko kadhaa kwa "kushindwa kutafsiri sheria 17 za mpira wa miguu". Sheria ipi kati ya hizo 17? Dakika ya ngapi? Alitakiwa afanyeje? Hakuna. Tuwekeeni basi video ya dakika moja, mtu akae atuelekeze hapa aliona hivi, alitakiwa aone vile. Bila hivyo shabiki anajaza mwenyewe, na shabiki akijaza ni neno moja tu: mbeleko, yaani refa kaibeba timu. Ile dabi yetu na Simba ya Juni 25, 2025 waliletwa waamuzi kutoka Misri kabisa, tukashinda 2-0, goli la kwanza penalti, basi jioni ileile mtaani nasikia eti hata Mmisri kabeba mtu mgongoni.

Na mimi siyo malaika jamani. Kuna mechi ya ligi siitaji, tulipewa penalti ambayo straika wetu alijikwaa mwenyewe, nilicheka mpaka machozi, sikuandika popote kwamba refa kakosea. Kumbe uonevu unauma ukiwa wa kwako.

Yule mzee bado tunakunywa wote kahawa. Juzi nimempa shikamoo, akaitikia, kisha bila neno akasogeza kikombe chake mpaka ukingoni mwa benchi, akanitazama. Nikamwambia hicho kimevuka mzee wangu. Akainama akachungulia.