"Moyo ulisimama" si jibu

Kila nikisoma kwamba marehemu "alifariki baada ya moyo kusimama" najiuliza: ni maiti ya nani ambayo moyo wake bado unadunda? Hata Shirika la Afya Duniani linawaelekeza madaktari wasiandike hivyo tu kwenye cheti cha kifo.

Wachunguzi wa vifo hutenganisha mambo ambayo sisi huyabeba kwa mkupuo. Sababu ya kifo ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha yote, tuseme kisu kilichopasua ini. Kilichofuata ndani ya mwili, yaani damu kuvuja hadi viungo vikashindwa kufanya kazi, ni jambo la pili. Halafu kuna swali la namna: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, au haikubainika. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu jeraha lilelile linaweza kuwa la aliyeteleza jikoni au la aliyechomwa makusudi. Mwili peke yake huenda usiseme. Lazima aulizwe aliyekuwepo, itazamwe sakafu, kisu na matone ya damu. (Na "kuuawa" kwenye ripoti ya daktari si hukumu. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya mahakama.)

Lile jibu la tano, "haikubainika", ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Ndugu huliona uzembe, wengine huliona njama. Mimi naona daktari aliyekataa kubahatisha.

Saa ya kifo nayo, filamu zimetuharibu. Hakuna anayegusa shingo ya maiti akakutajia dakika. Kwa kawaida misuli huanza kukakamaa saa 2 hadi 4 baada ya kifo, mwili wote hukaza kufikia saa 12 hivi, kisha hulegea tena ndani ya siku moja au mbili. Joto huharakisha, baridi huchelewesha, na aliyekufa akikimbia hukakamaa mapema zaidi. Anayekupa saa kamili anakuuzia uhakika asio nao.

Kinachonivutia zaidi ni damu. Moyo ukishasimama, damu hutuama upande ulio chini na kuacha madoa ya zambarau, ambayo baada ya saa 8 hadi 12 hivi hayahami tena. Maiti ikikutwa chali na madoa yamekaa kifuani, kuna aliyeigeuza, na hakuigeuza mara tu baada ya kifo.