Kitulo: lami ifike mpaka juu au tuiache hivyo hivyo?

Kila mvua zikichanganya picha za Kitulo zinarudi mtandaoni, maua mpaka basi, na chini yake ubishi ni ule ule. Huyu anasema serikali ipige lami hadi getini watu waende, yule anasema acheni kama palivyo, mkileta mabasi mmepaua. Mimi naona wote wana pointi ila kuna kitu wanakiruka.

Kwa asiyepajua, ni hifadhi ya taifa huko Nyanda za Juu Kusini, sehemu kubwa iko Makete na nyingine inaingia Mbeya, kilometa za mraba kama 413, kimo chake mita 2,600 hivi, na rasmi imekuwa hifadhi 2005. Watu wanaiita Bustani ya Mungu. Ukienda kutafuta simba na tembo utarudi umenuna, kule unatembea kwa miguu, unaangalia maua ya okidi (aina zaidi ya 40), unaona ndege tandawala kwenye nyasi, na ukibahatika upande wa msitu wa Livingstone unamwona kipunji, yule kima ambaye wanasayansi walimtangaza 2005 hiyo hiyo wakati wenyeji walikuwa wanamjua siku zote.

Shida ni kufika. Ukitokea Mbeya unafuata lami mpaka Chimala, hapo unakata kulia kupanda Matamba na kona zake 57, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili ukichungulia unaona bonde la Usangu lote liko chini ya miguu yako, halafu mbele yako linashuka lori la viazi. Na kibaya zaidi maua yanachanua Desemba mpaka Aprili, yaani mvua zenyewe, kwa hiyo pazuri ndo hapafikiki. Kiangazi njia inakubali ila nyasi zimekauka. Kiingilio cha Mtanzania ni hela ya kawaida tu, kinachomaliza mfuko ni gari la kukodi.

Sasa wanaosema paachwe wanaamini ugumu wa njia ndo ulinzi. Hapo ndo siwaelewi. Kabla ya hifadhi watu walikuwa wanachimba viazi vya okidi (mizizi yake minene ya chini ya ardhi) vinaenda Zambia kupikwa chikanda, unga wake na wa karanga, mboga inayopendwa sana kule, na vya kwao vilivyopungua wanunuzi wakahamia kwetu. Kwa mwaka vilikuwa mamilioni ya viazi, na njia ilikuwa mbovu kuliko leo! Tena mchimbaji haokoti kile kikuukuu kilichosinyaa, anachukua kile kigumu kipya, ambacho ndo kingetoa ua la mwaka unaofuata. Kwa hiyo kona 57 zilimzuia mtalii tu, mchimbaji alipita na gunia lake.

Ila na nyie wa lami msishangilie sana. Barabara kuu ikikatiza hifadhi tumeshaona Mikumi inakuwaje, matuta yapo, faini zipo, na wanyama bado wanagongwa. Kitulo ardhi yake mvua ikinyesha ni tope laini, gari moja likitoka njiani kutafuta selfi linaacha alama za matairi msimu mzima. Na lami haiko mbali hivyo, kutokea Njombe imeshafika Makete mjini.

Ningekuwa napanga mimi ningeweka lami nzuri mpaka Matamba, na sababu ya kwanza isiwe mtalii, iwe yule mkulima wa viazi na pareto ambaye mvua ikikaza mzigo wake unaozea shambani. Gesti zijengwe hapo hapo kijijini, vijana waongoze watalii, halafu juu kubaki njia za miguu na sehemu chache za kupiga kambi, hoteli hakuna. Najua wageni ni wa miezi minne mitano tu na hela yao haiwezi kumlisha mtu mwaka mzima, lakini kijana anayelipwa kuonyesha okidi ana sababu ya kumripoti anayezing'oa, na askari wa hifadhi peke yao eneo lile hawalimalizi.

Kwa anayetaka kwenda kabla hiyo lami haijaja, lenga Januari au Februari, kodi gari lenye four-wheel ya kweli na dereva anayeijua Matamba, na beba koti zito, maana huko ni baridi, kiangazi cha Juni na Julai asubuhi unakuta hata barafu kwenye majani.