Seva Ni Nzima, Anayeumwa Ni Mpima Homa

Kwa siku 11 mfululizo tovuti ya chumba changu cha gemu ilitangaza, kwa herufi nyekundu zinazosomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani, kwamba seva yangu imezimwa. Seva yenyewe, yaani kompyuta inayoubeba mchezo wetu, wakati huo ilikuwa chini ya meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga na kunipasha miguu katika baridi ya mwezi wa Julai, na ndani yake vijana tisa walikuwa wakipigana risasi na kutukanana kwa kiasi, kwa kuwa nimebandika ukutani tangazo linalokataza matusi ya wazazi.

Naomba nieleweke kwamba mimi si mtaalamu. Mimi ni mtu aliyeuza viazi mviringo kwa miaka mingi, akanunua kompyuta 12 zilizokwisha kutumika na watu wengine, na tangu siku hiyo hajalala usingizi wa kueleweka. Mchezo unaochezwa hapa ni Counter-Strike: Source, uliotoka mwaka 2004, nami niliuchagua kwa sababu kompyuta zangu zina umri unaokaribiana na huo, na marika huelewana. Tovuti niliianzisha kutokana na kilio cha wateja. Kijana anapanda daladala kutoka Uyole, analipa nauli, anafika na kukuta viti vyote vimejaa au umeme umekatika, kisha ananitazama mimi kana kwamba swichi ya mkoa mzima iko mfukoni mwangu. Ndipo mpwa wangu akanishauri niweke kwenye tovuti kitu ambacho vijana hukiita plagini, nami kwa kuwa nilifundishwa na walimu wenye fimbo ninakiita kiendelezi. Ni kijisanduku kinachokaa pembeni mwa ukurasa na kuiuliza seva kila baada ya dakika moja kama iko hai, ina wachezaji wangapi na wanapigania ramani gani, kisha kinaandika jibu. Kazi yake ni hiyo tu. Ni karani wa mahudhurio.

Karani huyo aliwekwa mwaka 2017 na rafiki wa mpwa wangu, naye akafanya kazi kwa uaminifu kuliko watumishi wote niliopata kuwalipa mshahara. Rafiki huyo alihamia Dar es Salaam, ambako simu yake huita mpaka yenyewe inachoka.

Balaa nililianzisha mwenyewe. Kompyuta za vijana zilisasishwa, seva ikabaki na toleo lake la zamani, wakawa hawaingii. Basi nikaisasisha seva, wakaingia, wakashangilia, nami nikajipongeza kwa chai ya tangawizi. Jioni ile ile karani akaandika kwamba seva imekufa.

Ilinichukua siku tatu za kuulizauliza kuelewa kilichotokea, na kwa kuwa niliumia kukielewa, nanyi mtanivumilia nikieleze. Zamani tovuti ilikuwa ikibisha hodi kwenye seva kwa kipande kidogo cha data chenye baiti 25, ambacho ndani yake hakuna kitu zaidi ya alama chache na maneno matatu ya Kiingereza, na seva ilikuwa ikijibu papo hapo kwa kumwaga habari zake zote: jina, ramani, idadi ya waliomo, idadi ya nafasi. Wahuni wa dunia wakaona mwanya. Wakawa wanabisha hodi kwa kutumia anwani ya mtu mwingine, seva inapeleka maelezo yake marefu kwa huyo ambaye hakuuliza chochote, na seva elfu zikifanya hivyo kwa pamoja, maskini yule anazama. Ni sawa na mtu kupita katika mabanda yote ya chipsi ya Kabwe akiagiza sahani kubwa kwa jina lako, kisha wapishi wote wakugongee mlango kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwezi Desemba 2020 Valve, wenye mchezo, walitangaza utaratibu mpya: seva ikibishiwa hodi haitoi habari kwanza, bali inarudisha namba, na aliyebisha anapaswa kurudia swali lake akiitaja namba hiyo, ili ithibitike kwamba kweli yuko pale anaposema yuko. Mimi utaratibu huo ninauunga mkono kwa mikono miwili. Hata nyumbani kwangu, anayebisha hodi saa tano usiku huulizwa kwanza ni nani.

Sasa mtazameni karani wangu. Yeye alizaliwa kabla ya utaratibu huo. Anabisha hodi, anajibiwa namba, hajui namba hiyo ni ya nini, anageuka na kwenda kuandika kwa wino mwekundu kwamba mwenye nyumba amefariki. Yaani umefika kwa mtu, umebisha, sauti kutoka ndani ikakuuliza, "Nani?", nawe badala ya kutaja jina lako ukatoka mbio kwenda kwa mjumbe kuanza kuchangisha rambirambi!

Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko gharama yote niliyoingia. Ningeandikiwa "sijamwelewa" au "sijasikia jibu", ningevumilia, maana hata mimi masikio yangu siku hizi yana msimu. Lakini yeye ana maneno mawili tu katika kamusi yake, ipo au imezimwa, na kila asichokielewa anakiweka kwenye la pili. Na watu humwamini! Mteja wangu mmoja wa Iyunga alinipigia simu kunipa pole, akaniuliza kama nitarudi kwenye viazi.

Dawa, niliambiwa, ni kuweka toleo jipya la kiendelezi. Maelekezo yake yalianza kwa kusema nitengeneze nakala rudufu ya tovuti nzima kabla ya kugusa chochote, sentensi ambayo duniani hutiiwa na watu waliokwisha kuungua tu, nami nilikuwa bado sijaungua. Nikapakua faili la ZIP, nikalifungua, nikalipandisha kwenye tovuti kwa bando la usiku, na hakuna kilichoonekana. Kumbe faili lile likifunguliwa huzaa folda, na ndani ya folda hiyo kuna folda nyingine yenye jina lile lile, na inayotakiwa ni ile ya ndani. Aliyepanga hivyo bila shaka ndiye pia anayefunga maandazi kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko, na mfuko kwenye mfuko mwingine.

Nilipoiweka folda ya ndani, kiendelezi kikanijibu kwamba hakiwezi kuishi kwenye toleo la zamani la PHP, lugha inayoendesha kurasa za tovuti, nililokuwa nalo, lile la 5.6, ambalo ulinzi wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2018. Nikaingia kwenye paneli ya kampuni inayonihifadhia tovuti, nikakuta kuna kitufe cha kuchagua toleo la PHP, kidogo na cha kuvutia, nikachagua la juu kabisa kama mtu anayechagua parachichi. Tovuti yote ikawa nyeupe. Sisemi iliharibika, nasema ikawa nyeupe, bila herufi, bila picha, kama ukungu wa Uporoto asubuhi, unapojua kuna barabara lakini unaendesha kwa imani. Sababu ni kwamba kurasa zangu nyingine zote zilikuwa zikiongea na hifadhidata kwa amri zinazoanza na mysql, na amri hizo ziliondolewa kabisa katika PHP 7.0 iliyotoka Desemba 2015, baada ya kutangaziwa kuachwa tangu toleo la 5.5 mwaka 2013. Wenye tovuti walipewa notisi ya miaka miwili na nusu, na kwangu hakuna aliyeisoma. Mpwa wangu alikuja Jumapili baada ya ibada, akabadilisha amri hizo moja baada ya nyingine, akala kilo nzima ya kitimoto, akaondoka. Hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba sasa ninatengeneza nakala rudufu hata ya orodha ya madeni.

Tovuti ikarudi. Kiendelezi kipya kikakaa mahali pake, kizuri, chenye kona za duara. Kikaandika kwamba seva imezimwa.

Nilikaa kimya kwa muda. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akaniuliza kwa upole, "Mzee, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, anayeumwa ni mpima homa.

Nikaipigia simu kampuni inayohifadhi tovuti, ambayo sitaitaja kwa sababu bado ninawadai msaada. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tovuti yangu haiwezi kuongea na seva yangu."

"Pole sana, baba. Seva yako imewashwa?"

"Mwanangu, nimeiwekea miguu juu sasa hivi, na ni ya moto."

"Umejaribu kufuta historia ya kivinjari?"

Niliifuta, kwa heshima ya malezi aliyopewa. Baada ya siku nne mwenzake aliniandikia kwamba wao hufunga njia ya UDP inayotoka kwao, ndiyo sababu hodi yangu haikuwa ikivuka hata kizingiti. Mjue kwamba mazungumzo ya kompyuta yana njia mbili kubwa. Njia ya TCP ni kama barua ya rejista: inatiwa sahihi, na usipoipata inatumwa tena. UDP ni kama kumkabidhi kondakta bahasha pale stendi ya Nane Nane bila kuandikiana, basi likaondoka, nawe ukabaki unapunga mkono. Ikifika, imefika, isipofika hakuna wa kumuuliza. Michezo hupenda UDP kwa sababu ya haraka yake, na hodi ya seva husafiri humo humo. Wakaniuliza wanifungulie mlango namba ngapi, maana kila seva husikiliza hodi kwenye mlango wenye namba yake. Nikawaandikia 27015, namba ambayo kila mtu anayeucheza mchezo huu anaijua, wakaufungua, wakanitakia siku njema.

Karani akaandika kwamba seva imezimwa.

Hapa nilikuwa tayari kuandika barua ya malalamiko yenye aya saba, na ya kwanza nilikwisha kuimaliza, mpwa wangu aliposoma karatasi iliyogundishwa kwenye seva kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mlango ni 27016." Niliubadilisha miaka mingi iliyopita, nilipokuwa na ndoto ya kuendesha seva mbili. Ile barua niliikunja, nikaiweka chini ya mguu wa meza unaocheza, nikaandika nyingine fupi ya kuwaomba radhi na mlango mwingine.

Ijumaa saa tatu na nusu usiku, vijana wakiwa wamekwisha kuondoka, herufi zikageuka kijani. Seva ipo. Wachezaji 0 kati ya 20.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikwisha kudanganywa kwa siku 11, na sifuri ni namba isiyoaminika: nitajuaje kama ni sifuri ya watu kutokuwemo au sifuri ya karani kutojua kuhesabu? Njia ya kuthibitisha ilikuwa moja tu, nayo ni mimi mwenyewe kuingia. Nikampigia mama watoto kule Ilomba, nikamwambia asinisubiri kula, kwa kuwa bado ninahangaika na kiendelezi, jambo ambalo lilikuwa kweli wakati ninalisema. Kisha nikaketi kwenye kompyuta namba tatu, ile yenye kipanya kizima, nikaingia kwa jina la Mzee wa Loleza, ambalo ndilo nililokuwa nikitilia sahihi barua zangu za uchumba. Nikasubiri dakika moja. Mchezaji 1 kati ya 20. Kazi ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye akili angezima taa, akafunga mlango.

Lakini mara akaingia mtu mwingine kutoka mahali nisipopajua. Karani akaandika 2, jambo lililonifurahisha, na huyo mgeni akanipiga risasi ya kichwa kabla sijageuka, jambo lililonisikitisha. Nikasema nimpate mara moja tu, ili nijaribishe pia sehemu ya alama. Nilimpata mara moja baada ya muda mrefu, na mara nyingine kwa bahati, alipokuwa amesimama nadhani anakunywa maji.

Jambo ambalo sikulizingatia nilipokuwa ninakisifu kiendelezi kipya ni kwamba, tofauti na kile cha zamani, hiki hakiishii kwenye idadi. Huiuliza seva pia orodha ya waliomo, na seva hutaja kila mchezaji kwa jina lake, alama zake, na muda aliokaa ndani. Vyote hivyo huandikwa pembeni mwa ukurasa, hadharani, kila dakika.

Simu iliita saa saba kasoro usiku, nikiwa nimejibanza nyuma ya makasha.

"Baba watoto," alisema, kwa ile sauti yake ya chini ninayoijua, "bado unahangaika?"

"Bado, mama. Hiki kidudu kina ukaidi wa ajabu."

"Pole. Mimi nimefungua hiyo tovuti yenu kwenye simu nione kama kuna maendeleo. Imeandikwa hapa Mzee wa Loleza yumo kwa saa tatu na dakika 12, na amepata alama mbili."

Nilitafuta neno la kusema, na nilipokuwa ninalitafuta nilipigwa risasi.

"Basi hakina ukaidi wowote," akasema. "Kinafanya kazi vizuri sana. Ugali wako nimempa mbwa."