Daftari na Mashine: Mashujaa Wanapojitwika Serikali

Squadron Supreme ni katuni ya sehemu 12 iliyoandikwa na Mark Gruenwald na kuchapishwa na kampuni ya Marvel kati ya 1985 na 1986. Nakala yangu niliinunua kwenye kibanda cha vitabu vikuukuu hapa Nakuru, jalada lake likiwa limeshikiliwa na selotepu. Hadithi inaanzia pale nyingine zinapoishia: adui aliyezitawala akili za watu ameshashindwa, lakini ameiacha Marekani ya ulimwengu huo magofu na njaa. Mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, wakiongozwa na Hyperion, wanaamua kwa kura kuchukua madaraka wenyewe ili wakomeshe njaa, uhalifu, vita na hata magonjwa. Nighthawk, ambaye ndiye rais aliyetumiwa na adui huyo kama kibaraka, anapinga, anashindwa, kisha anajiuzulu na kuwaacha wenzake.

Wasomaji wengi humpa Nighthawk haki tangu mwanzo, kwa kuwa anasema lugha tunayoipenda, lugha ya ridhaa na uhuru. Mimi nilisita, kwa sababu nimewahi kula chakula kilichogawanywa na mtu ambaye hakuna aliyemchagua. Mapema 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa mjini uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani, nasi tulikuwa humo. Mahindi ya msaada yaliposhushwa siku za kwanza, wenye misuli walijibebea na wajane wakabaki kutazama. Kisha akajitokeza mwanamume mmoja mwenye daftari la kurasa 96. Aliandika hema baada ya hema, akahesabu vichwa, akapima kwa gorogoro, na aliyeruka foleni alirudishwa nyuma mbele ya watoto wake. Mama yangu alimwombea kila jioni.

Kwa hiyo hoja ya Hyperion si ya kubezwa. Anayeweza kuinua daraja lililoanguka kwa mikono yake miwili, kisha akakaa kusubiri kamati iundwe, ana lawama yake pia, na mwenye njaa haulizi mgawaji kitambulisho. Upande huu katuni yenyewe haukuutendea haki ipasavyo, maana waliolishwa na mashujaa hawasikiki sana. Tunasikia zaidi mashujaa wakibishana wao kwa wao.

Hata hivyo, mpango wao unaharibika mahali panapoonekana waziwazi. Tom Thumb, fundi wao, anaunda mashine ya kubadilisha tabia za wahalifu. Haupiti muda mrefu kabla Golden Archer, aliyekataliwa na Lady Lark, hajaitumia kwa siri ili mwanamke huyo ampende. Anampenda kweli, kiasi cha kumganda asipate hata nafasi ya kupumua, na mapenzi hayo yanageuka adhabu kwa mwanamume mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwelewa Nighthawk. Serikali inayokusanya bunduki inaweza kulaumiwa na wale iliowanyang'anya, ilhali mtu aliyepitishwa kwenye mashine hana tena kichwa cha kulaumia. Hoja yake nzito zaidi inakuja mwishoni: hata kama Hyperion ni mwema, mitambo anayoiacha itarithiwa na nani?

Katiba yetu ya 2010 ina jibu lake kwa swali hilo. Ibara ya 58 inaruhusu hali ya hatari itangazwe, janga la asili likiwa miongoni mwa sababu, lakini kwa siku 14 tu; Bunge la Taifa likitaka kuirefusha mara ya kwanza, linahitaji kura za angalau theluthi mbili ya wabunge wote, na kila nyongeza inayofuata inadai robo tatu, tena Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Madaraka yanatolewa, lakini kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyozidi kuwa ghali. Mtetezi wa mashujaa atasema kwamba hayo yote yanahitaji bunge na mahakama zilizosimama, navyo ndivyo vilivyoporomoka. Ni kweli, na ndiyo maana siwalaumu kwa wiki za kwanza. Nawalaumu kwa kuunda mashine kabla ya kuunda baraza la kuwaambia basi.

Mwandishi anafunga kwa wepesi kidogo: Nighthawk anauawa katika pambano la mwisho, na Hyperion anakiri kwamba rafiki yake alikuwa sahihi. Kambini kwetu hakuna aliyekiri kitu. Watu walipotaka kuchagua wawakilishi wa mahema, yule bwana aliunga mkono uchaguzi, ila daftari akakataa kulitoa, akisema wengine wangeliharibu. Huenda hakukosea. Waliochaguliwa walinunua jingine, wakaanza upya kuhesabu vichwa, na siku mbili hizo hatukupata mahindi.