Wiki 9 gari langu lililala uani kwa mzee wa watu

Mdogo wangu alicheka mpaka simu ikakatika. Nilikuwa nimemweleza kwamba nimenunua gari, nimelilipia lote, funguo ziko mfukoni, ila sina ruhusa ya kulitoa hata kulipeleka dukani kwa sababu halijasajiliwa. "Dada, Ujerumani hiyohiyo unayotusimulia?" Hiyohiyo.

Ana haki ya kucheka. Yeye huko Tanzania ameendesha Corolla miaka 4, na kadi ya gari ina jina la mtu aliyemuuzia yule aliyemuuzia yeye. Mkataba wa mauziano upo, umegongwa muhuri wa wakili, umekunjwa mara nne kabatini. Kila mwaka anaapa kwamba huu ndio mwaka wa kubadilisha umiliki. Gari linakwenda Morogoro na kurudi, trafiki wanalisimamisha, wanaangalia bima, wanaangalia matairi, wanamwambia apite. Mwenye jina kwenye kadi hajawahi hata kumwona. Huenda alishafariki.

Sisemi ni mfano wa kuigwa. Siku gari likigonga mtu atajua anayo kadi ya nani. Ila nimechoka kusoma maandishi ya ndugu zetu walioko nje wakidai kwamba huku kila kitu ni dakika 5, bonyeza hapa, kimekwisha. Huku kuna kuchelewa, tena kuchelewa kwa nguvu, na ukiwa mgeni ndiyo zaidi. Aina yake tu ndiyo nyingine. Kwetu gari linatangulia, karatasi zinalifuata kwa mwendo wake. Huku karatasi zisipotembea, gari halisogei.

Mimi ni muuguzi. Zamu ya asubuhi inaanza saa 12 kamili, na Jumapili basi la kwanza linalopita kwangu ni la saa 1 na dakika 20. Kwa muda mrefu nilidandia gari la mwenzangu wa wodini. Leseni yangu ya Tanzania ilitambulika hapa miezi 6 tu tangu nihamie, kisha ikabidi nifanye mtihani wa nadharia na wa barabarani kama binti wa miaka 18. Mtihani wa nadharia unaweza kuufanya kwa lugha kadhaa za kigeni, Kiarabu na Kituruki zimo, Kiswahili hakimo. Nilipofaulu nikajiambia lililobaki ni dogo.

Februari nikapata Polo ndogo ya petroli kwa mzee mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Kabla ya kuniuzia alishalifuta kwenye usajili, kama wengi wafanyavyo hapa ili mnunuzi asije akasababisha ajali kwa jina la muuzaji. Ni busara kabisa, lakini maana yake gari lilikuwa uchi, halina namba. Na gari lisilo na namba huku haliruhusiwi hata kuegeshwa barabarani. Achilia mbali kuendeshwa: kusimama tu. Ukiliacha mtaani wanakubandikia karatasi kiooni, ukizidi kuchelewa linavutwa, na gharama ni zako. Mimi naishi ghorofani, sina ua. Mzee akaniambia liache hapa mpaka umalize mambo yako, ni siku chache.

Siku chache!

Kwa wenyeji kweli ni siku chache, wakati mwingine hata siku yenyewe haiishi. Tangu Septemba 2023 sheria inaruhusu kusajili gari kwa intaneti na kuingia barabarani papo hapo, ukiwa na hati ya muda ya siku 10 huku ukisubiri kwa posta vibandiko vya mihuri ya vibao vya namba. Mwenzangu wa wodini alisajili lake akiwa amejilaza kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi. Unachohitaji ni kitambulisho chenye chipu. Na sisi wageni tunacho, kadi yetu ya ukaazi ina chipu ileile. Isipokuwa yangu ilikwisha muda Januari.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia, na hapo ndipo Mjerumani wa kawaida hafiki kamwe. Niliomba kuongezewa ukaazi kabla kadi haijaisha, kama inavyotakiwa. Ofisi ya wageni ina foleni, kwa hiyo wakanipa karatasi ya kuthibitisha kwamba haki zangu zinaendelea mpaka watakapoamua. Jina la karatasi hiyo kwa Kijerumani ukilitafsiri neno kwa neno linakuja kuwa kitu kama "cheti cha jambo la kubuni". Sitanii. Kisheria ni halali kabisa, unafanya kazi, unapanga nyumba, unakatwa kodi ya mshahara bila huruma. Lakini ni karatasi, na karatasi haina chipu. Bila chipu hakuna usajili wa kwenye kochi, unarudi kwenye foleni ya miadi, na miadi ya karibu kwenye ofisi ya magari ilikuwa baada ya wiki 3.

Nikangoja. Nikakusanya vyote: hati mbili za gari, cheti cha ukaguzi, msimbo wa bima wenye herufi na tarakimu 7, idhini ya benki ya kukata kodi ya gari, pasipoti, ile karatasi ya kubuni, na cheti cha makazi, maana pasipoti ya mgeni haionyeshi anakoishi. Siku ikafika, namba yangu ya foleni ikaitwa, nikakaa mbele ya karani. Alikuwa mpole. Akalinganisha pasipoti na bima, akalinganisha tena, akatikisa kichwa.

Majina. Nina jina langu, la baba na la babu, kama Watanzania wengi. Pasipoti imeyapanga kwa namna yake. Fomu ya bima ilikuwa na visanduku viwili tu, nikaweka la kwanza na la baba, kwa sababu ndivyo ninavyoitwa tangu shule ya msingi. Kwenye kompyuta ya karani akatokea mwanamke mmoja mwenye bima na mwanamke mwingine mwenye gari. Nikamweleza kwamba wote ni mimi. Akanielewa, nadhani alinionea hata huruma, lakini mashine haikuwa na mahali pa kuweka huruma yake. Nirekebishe bima, nichukue miadi mingine. Wiki 6 zaidi.

Nikiwa kwenye basi la kurudi ndipo nilipokumbuka nyumbani kwa uchungu. Kwetu jambo kama hili lingeisha palepale. Karani angemwita mkubwa wake, mkubwa angeniuliza wewe ni wa wapi, ningetaja kijiji, angesema kumbe unamjua fulani, na majina matatu yangepata maelezo. Au ningetoka nje ya geti, nikamkuta kijana mwenye bahasha kwapani anayejua mlango wa nyuma. Tunamwita kishoka, tunamlaani, halafu tunampa hela. Nakiri siku ile ningekuwa na wa kumpa ningempa. Hakukuwepo. Nje ya ile ofisi wapo tu watu wa vibanda vya kuchonga vibao vya namba, na wao hawana la kukusaidia mpaka uwe na namba ya kuchonga.

Nimelitafakari sana hilo la kishoka, na sikubaliani na wanaosema tofauti yetu na wao ni rushwa basi. Ukikosa hela na ukakosa mtu, kwetu unaweza kuzungushwa mwaka mzima, njoo kesho njoo keshokutwa. Huku hakuna aliyenizungusha. Niliambiwa tarehe, na tarehe ilipofika nilihudumiwa. Kinachoumiza ni kwamba hakuna wa kumkasirikia. Karatasi moja inasubiri nyingine, na wakati zinasubiriana kuna ya tatu inayozeeka.

Ya tatu ilikuwa cheti cha ukaguzi. Magari ya hapa hukaguliwa kila miaka 2, na la kwangu lilikuwa limebakiza hadi mwisho wa Machi. Miadi ya pili ilikuwa Aprili. Aliyeligundua ni yule mzee. Alinipigia simu akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba kwamba Machi inaisha. Sasa gari lisilo na namba utalifikishaje kwenye ukaguzi? Zipo namba za muda za siku 5, nazo hutolewa na ofisi ileile ambayo sina miadi nayo. Mzee akasema nitulie. Ana rafiki yake fundi mwenye zile namba nyekundu wanazopewa wafanyabiashara wa magari kwa ajili ya majaribio na kuhamisha magari. Fundi akaja Jumatano, akazifunga, akalipeleka Polo kwenye ukaguzi, akalirudisha likiwa na cheti kipya na balbu mpya ya taa ya nyuma. Alinitoza bei ya balbu na ada ya ukaguzi, basi.

Kwa hiyo ndugu zangu, nilikwamuliwa na mtu anayemjua mtu. Ujerumani.

Kuna jambo lingine nililokuwa nimelisahau. Zamani nilifanya kazi hospitali moja ya mkoani nikiwa na daktari mgeni, mama wa makamo kutoka Ulaya. Alinunua gari kwa mwenzake aliyekuwa anarudi kwao, na kadi ikachelewa miezi kwa sababu kibali chake cha kuishi kilikuwa kinashughulikiwa, na bila kibali lile na lile haviendi. Kila asubuhi anatuuliza kwa nini. Sisi tunamwambia subiri, daktari, litakuja tu. Chumba cha chai tulimwigiza: "Lakini kwa nini?" Tulimwona hana subira, hajui maisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba sisi tungeendesha tu na kadi ya mtu mwingine, na yeye asingethubutu, maana mgeni akikamatwa na kosa dogo anaogopa kupoteza kila kitu. Mimi nami kwa wiki 9 sikuthubutu hata kulisogeza Polo mita 10 nje ya geti la mzee. Mdogo wangu alisema si ulipeleke tu usiku. Aliye na pasipoti ya nchi anaweza kusema hivyo.

Tuseme na ya kodi kidogo, maana ilinichekesha. Huku kodi ya gari inakusanywa na forodha. Kwetu forodha unakutana nayo mara moja, gari likishuka melini kutoka Japani, unalia, unalipa, mnaachana. Na ile ada ya kila mwaka tuliyoizoea ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, wakaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Anayeendesha sana analipa sana, hakuna fomu. Huku wanapima ukubwa wa injini na moshi wake, halafu wanachota benki kila mwaka hata kama gari limelala. Kwenye hili nasimama na kwetu bila kusita.

Bima nayo iliniuma. Miaka niliyoendesha Dar es Salaam bila kugonga hata ndoo ya muuza maji kampuni haikuihesabu. Nimeanza sifuri, nalipa kama kijana aliyetoka mafunzoni jana, na kwa kweli kwa mujibu wa karatasi ndivyo nilivyo.

Miadi ya pili ilichukua dakika 14. Niliziangalia kwenye saa ya ukutani. Majina matatu yalikuwa yamekubali kuwa mtu mmoja, nikapewa namba, nikatoka nje kibandani, nikachongewa vibao kwa euro 30, nikarudi navyo, karani akabandika mihuri na kunitakia safari njema. Nikapanda basi la kijijini na vibao kwenye mfuko wa plastiki. Mzee alikuwa ameshaliosha gari. Tulivibana pamoja, akazunguka nyuma kuhakikisha kimekaa sawa, akaniambia sasa uani patakuwa peupe.

Nilimtumia mdogo wangu picha. Badala ya kunipongeza akaivuta, akaikuza, akapiga simu. "Sasa dada hii ni namba gani? D au E?"

Nikamweleza kwamba huku herufi za mwanzo zinataja wilaya, za katikati unaweza hata kujichagulia, na, tofauti na kwetu, hakuna herufi inayosema gari ni la lini.

"Sasa majirani watajuaje kama ni jipya?"

Nikamwambia si jipya. Nikamuuliza na yeye ile kadi ya Corolla imefikia wapi.

"Wiki ijayo, dada. Wiki ijayo naishughulikia."