Uani kwetu si choo cha mbwa

Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani hapa Kigoma, ushauri utakaopewa na kila mtu ni mmoja: mzoeshe kwenda nje. Ni ushauri mzuri kwa mwenye uzio wake na nyasi zake nyuma ya nyumba. Sisi tunaopanga Mwanga, Gungu na Katubuka, hiyo nje ndiyo jikoni kwetu. Fungua mlango wa nyuma uone: jiko la mkaa la mama wa chumba cha pili, beseni la vyombo, kamba ya nguo, mtoto anayejifunza kutambaa juu ya mkeka, na dagaa wa mtu wameanikwa kwenye turubai. Mbwa akijisaidia hapo hajatoka nje. Ametoka chumbani kwako akaingia sebuleni kwa wenzako.

Kwa hiyo mimi nashikilia hivi: mbwa wa nyumba ya kupanga afundishwe kona. Kona moja tu, iliyokubaliwa na wapangaji wote, na kazi hiyo ianze siku ile ile anayofika, kabla hata hajapewa jina. Usipopata kona, usichukue mbwa. Najua wapenda mbwa wenzangu watanuna, lakini tumezoea kudhani kwamba kero ya mbwa ni kubweka usiku. Waulize majirani. Kubweka wanakuvumilia, maana kunafukuza wezi. Wanachokinung'unikia chinichini ni kile wanachokikanyaga alfajiri wakienda chooni.

Jamaa zangu wa Kasulu hunicheka nikianza habari hizi. Kule, wanasema, mbwa wamefugwa tangu enzi na hakuna aliyemfundisha mbwa choo. Ni kweli, na sababu yake iko wazi. Kwa wiki tatu za kwanza hivi mtoto wa mbwa hawezi hata kukojoa peke yake. Mama yake humlamba ndipo haja itoke, na yeye mwenyewe huisafisha ili pale wanapolala pabaki pakavu. Miguu ikishapata nguvu, watoto huanza kujikokota pembeni ya malazi yao, kisha humfuata mama mpaka majanini. Kijijini majani yanaanzia nyuma ya nyumba, kwa hiyo somo linakwisha bila mwalimu. Mjini tunamchukua akiwa na wiki sita, saba, tunamtenganisha na mama, tunamfungia kwenye chumba chenye sakafu ya saruji, halafu tunashangaa haendi majanini. Majani yako wapi?

Ile tabia ya kutochafua malazi anayo tangu kuzaliwa, ndiyo mtaji wako wote. Mlaze kwenye boksi au tenga linalomtosha kujigeuza na kujinyoosha, basi. Ukimpa chumba kizima atalala kona hii na kukojoa kona ile, na kwa hesabu yake amefanya usafi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona watu wakilizungumza huku, nalo ndilo linalowatesa wengi. Kufikia wiki ya nane au ya tisa mtoto wa mbwa anakuwa ameshachagua aina ya mahali pa kujisaidia kwa hisia za nyayo zake. Aliyekulia kwenye mchanga atatafuta mchanga. Aliyekulia stoo juu ya gunia atatafuta gunia, na kama hakuna gunia atatafuta kinachofanana nalo: mkeka, zulia la mlangoni, nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Nimemwona mbwa akitolewa uani penye mchanga wa kutosha, akanusa huku na huku, akaupita mchanga wote, akaenda kuchuchumaa kwenye gunia la mkaa la jirani. Watu wakasema ana kiburi. Yule hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa anatafuta choo alichokizoea.

Kwa hiyo unapokwenda kumchukua, usiishie kuuliza bei na kama baba yake ni mkali. Uliza analala juu ya nini. Kama ni gunia, omba kipande cha lile lile alilokwisha kulikojolea, kinuke kinavyonuka, ukakitandike kwenye kona uliyochagua. Akikizoea pale, kila baada ya siku chache unakikata kidogo na kukifunika mchanga, mpaka kinabaki ukubwa wa kiganja, mpaka kinatoweka kabisa. Harufu inabaki, na nyayo zake zinakuwa zimeshazoea mchanga.

Kona yenyewe msiichague peke yenu, ninyi mnaompenda mbwa. Kwetu ilichaguliwa na dada mmoja wa chumba cha mbele ambaye hata mbwa hampendi. Alinijia jioni, akanisalimu vizuri, akasema, "Mdogo wangu, mbwa wako sina ugomvi naye. Ila kanga zangu za kuswalia asizisogelee." Nikamwambia, "Sawa dada, nionyeshe wewe mahali pasipokusumbua." Akaonyesha nyuma ya choo, chini ya mpapai, mbali na kamba za nguo na mbali na njia ya kwenda bombani. Mimi nisingepaona pale.

Tena hili si jambo la kupuuza katika mji wenye Ujiji ndani yake. Kwa madhehebu ya Kiislamu ya Shafii, ambayo yana wafuasi wengi huku, mbwa mwenye majimaji akigusa chombo au nguo, ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fikiria mtu aoshe shuka mara saba kwa maji ya kununua kwa ndoo, kwa sababu wewe uliona uvivu kumshika mbwa wako kamba. Na anayesema "jirani ana roho mbaya" ajiulize kama yeye angeosha hata mara mbili.

Sasa ratiba. Haja ya mtoto wa mbwa inatabirika kuliko umeme. Anakojoa akiamka, anakojoa akimaliza kucheza, na akishakula haipiti nusu saa atataka kutoa kitu. Akiwa macho, kipimo kinachotumika sana ni saa moja kwa kila mwezi wa umri wake: wa miezi miwili saa mbili, wa mitatu saa tatu. Usingizini anakwenda mbele kidogo. Ukiona ameacha mchezo ghafla, pua chini, anazunguka mahali pamoja, usimwite wala usimpigie kelele. Mbebe.

Tatizo letu kubwa hapa liko kwenye sahani. Mbwa wa Kigoma anakula makombo, na makombo hayana saa: ugali wa muhogo saa nne, mifupa ya migebuka saa nane, ukoko wa wali mtoto akikataa kula. Kinachoingia hovyo kitatoka hovyo. Mpe chakula mara tatu au nne kwa siku kwa saa zile zile, sahani ikae dakika kumi na tano, iondoke. Samaki wa chumvi mpunguzie, kwa sababu chumvi inamnywesha maji na maji yatarudi sakafuni kwako usiku. Maji yenyewe usimnyime, joto la huku mnalijua.

Alfajiri kazi ni hii. Unamfunga ukamba mfupi (mimi natumia pindo la kanga kuukuu, halimkwaruzi shingo), unampeleka kona ile ile kwa njia ile ile, unasimama kimya. Atanusa. Atakula mchwa. Ataona kuku wa jirani atamsahau kabisa Mungu aliyemuumba na haja iliyomtoa. Usimsemeshe. Akichuchumaa, sema neno moja kwa sauti ya chini, "kojoa", na akimaliza tu, akiwa bado hajanyanyua mguu wa pili, mpe kichwa cha dagaa. Ukingoja mpaka mrudi mlangoni ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi mlangoni. Ndiyo, dagaa wa Kigoma ni ghali siku hizi, ndiyo maana nimesema kichwa. Kiwiliwili kula mwenyewe.

Halafu usimrudishe ndani papo hapo. Mwache achezecheze kidogo. Akijua kwamba akikojoa tu starehe imekwisha, ataanza kubana makusudi ili mkae nje, kisha amwage ndani.

Nifike kwenye fimbo, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Karibu kila mzee atakwambia msugue pua kwenye mkojo wake, mchape mbili, hatarudia. Na utaona kweli baada ya siku kadhaa hakojoi tena mbele yako. Anakojoa nyuma ya kabati. Alichojifunza ni kwamba kukojoa ukiwepo wewe ni hatari, kwa hiyo hata ukimpeleka kwenye kona atabana mpaka uondoke. Umejitengenezea mbwa anayejificha, na wa kumwondolea hofu hiyo ni wewe, kwa muda mrefu kuliko ambao ungetumia tangu mwanzo.

"Lakini anajua kosa lake, muone anavyoinamisha masikio!" Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2009 mtafiti wa tabia za mbwa Alexandra Horowitz, wa Chuo cha Barnard kule New York, alichapisha jaribio lake: mbwa anakatazwa kula kipande cha chakula, mwenye mbwa anatoka, akirudi anaambiwa mbwa amekula au hakula, wakati mwingine si kweli. Ile sura ya kukiri kosa ilionekana zaidi kwa mbwa waliofokewa, hata wale ambao hawakukigusa chakula. Mbwa alikuwa anausoma uso wa mwenye mbwa. Kwa hiyo ukirudi kutoka sokoni ukakuta dimbwi, hapo hakuna kesi tena. Chukua dekio.

Kufuta nako kuna namna yake. Saruji yetu inanyonya, na pua yake itaipata harufu ambayo wewe umeshaisahau, na harufu kwake ni kibao cha choo. Maji mengi na sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji, kisha jua kama ni kitu cha kuanikwa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiimwage juu ya mkojo mbichi. Vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na kifua.

Kuhusu kinyesi sina upole kabisa. Kiokotwe kila siku, na hii si kwa ajili ya macho ya watu. Watoto wa mbwa wengi wanazaliwa tayari na minyoo waliyoipata tumboni kwa mama yao, na wengine huipata kwa maziwa. Ndiyo sababu dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili tu, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu hivi. Mayai ya minyoo hiyo yakitoka na choo hayaambukizi siku hiyo. Yanahitaji kukaa kwenye udongo kwa wiki kadhaa ndipo yakomae. Kwa hiyo chepe lako la kila asubuhi linayawahi kabla hayajawa hatari. Ukiacha mpaka Jumamosi, na Jumamosi nyingine, mtoto wa jirani anayechezea mchanga na kulamba vidole ndiye atakayeyabeba, na mchanga huo huo unaweza kuwa na safura inayopenya nyayo za asiyevaa kandambili.

Na tuko mlimani. Mji huu umekaa kwenye miteremko. Mvua za Novemba zikianza, cha uani kwako kinapita kwa jirani wa chini, kinaingia mtaroni, kinaelekea ziwani, ambako kuna watu wanachota maji ya kunywa. Chimba shimo la kina upande usiopitwa na maji, funika kwa udongo kila ukitupa. Kwenye tuta la mchicha usitie, si mbolea ya ng'ombe ile.

Wapo waliotatua yote haya kwa kumfunga mbwa mnyororo mchana na kumwachia usiku. Asubuhi kwao kusafi, wanajisifu mbwa wao ni msafi. Msafi wapi! Amezunguka mtaa mzima, na cha kwao kiko mlangoni kwa mtu wa tatu. Mwenye mbwa wa namna hiyo hajafundisha kitu, amehamisha tu.

Usiku, kwa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, utaamka. Weka boksi lake karibu na mlango wa uani usikie akianza kulia na kukwaruza. Mvua ikinyesha atagoma kutoka, maana tumbo lake liko chini na majani yenye maji hayapendi. Bati moja juu ya ile kona linamaliza ubishi. Na kama hajapata chanjo zake, mwisho wake uwe kona hiyo hiyo. Jalalani na mtaroni asipelekwe, kwa sababu virusi vya kuhara damu vinavyoua watoto wa mbwa hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sindano ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu.

Dume akikaribia nusu mwaka ataanza kuinua mguu na kumwagia kidogo kidogo kila nguzo, ndoo na tairi la bodaboda. Hilo ni kuweka alama tu, kona hajaisahau. Ila aliyekwisha kuizoea akianza ghafla kukojoa ndani, au kuchuchumaa mara kwa mara pasitoke kitu, hapana somo la kurudia. Njia ya mkojo au tumbo lina shida, na anatakiwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Nenda na choo chake kidogo kwenye kopo lenye mfuniko, maana huenda wakakihitaji kuangalia minyoo.